Daktari Anaposema "Sijui": Jaji Aielekeze Vipi Juri

Ndugu mawakili, madaktari, wakalimani wa mahakamani, na nyote mliofika jioni hii, habari za kazi.

Mada niliyopewa ni maelekezo ambayo jaji wa Uingereza na Wales huipa juri, yaani raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, pale ushahidi wa kidaktari unapokuwa na shaka ndani yake. Kuna watakaouliza sisi linatuhusu nini, kwa kuwa kwetu hakuna juri. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na kwa hiyo anaruhusiwa kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Majina ya wanajuri huchotwa kwenye daftari hilohilo. Kama ana miaka kati ya 18 na 75, na amekaa nchini humo angalau miaka 5 tangu alipotimiza 13, barua inaweza kumfikia wakati wowote, na akajikuta ameketi na wenzake 11 akiwasikiliza mabingwa wawili wa ubongo wakibishana juu ya mtoto wa miezi minne.

Nitaisema hoja yangu mapema ili mnipime nayo. Daktari anaposema "sijui", hilo nalo ni jambo juri inalopaswa kulipima. Si shimo la kujazwa na tuhuma, wala si tiketi ya kumwachia mtu huru papo hapo. Na maelekezo ya jaji juu ya jambo hilo hayafui dafu yakitungwa usiku wa kuamkia majumuisho, yaani hotuba ya jaji ya kuwapitishia wanajuri sheria na ushahidi kabla hawajakwenda kuamua.

Kwanza utaratibu wenyewe. Katika kesi ya mauaji, jaji wa Uingereza haamui kama mshtakiwa ana hatia. Anaamua ushahidi upi uingie, anaeleza sheria, anafanya majumuisho, kisha wanajuri wanakwenda chumbani kwao. Wanatakiwa wakubaliane wote. Wakishindwa, na saa 2 zikapita (kwa desturi majaji huongeza dakika 10), jaji anaweza kuwaruhusu watoe uamuzi wa watu 10 dhidi ya 2. Wakirudi, msimamizi wao anatamka ana hatia au hana hatia, basi. Hawatoi sababu, na kufichua walichojadiliana ni kosa la jinai. Mahakama ya Rufani ikitaka kujua kama mtu alifungwa sawasawa haina hukumu ya kusoma. Inabaki na kumbukumbu za ushahidi, pamoja na maneno ambayo jaji aliwaambia watu wale 12. Ndiyo maana kule sentensi moja ya majumuisho huweza kubishaniwa siku nzima.

Tuanze na kesi ambayo kila anayefanya kazi hii anaijua.

Novemba 1999, katika mahakama ya Chester, mwanasheria Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili. Wa kwanza alifariki Desemba 1996 akiwa na majuma 11, wa pili Januari 1998 akiwa na majuma 8. Bingwa wa magonjwa ya watoto, Profesa Sir Roy Meadow, aliiambia juri kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya asili katika familia ya aina ile ni 1 katika milioni 73.

Tuifumue hesabu hiyo, kwa sababu maelekezo mabaya mara nyingi huficha hesabu mbaya. Utafiti uliotumika ulikadiria kwamba katika familia ambayo hakuna anayevuta sigara, kuna anayepata mshahara, na mama amevuka miaka 26, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga hutokea mara 1 katika 8,543. Shahidi akaizidisha namba hiyo kwa yenyewe. Ukizidisha unapata 72,982,849, na hapo ndipo milioni 73 zilipotoka. Kuzidisha hivyo kunaruhusiwa tu ikiwa kifo cha kwanza hakina uhusiano wowote na cha pili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanashiriki jeni, nyumba na hewa ya chumba kilekile. Kama kuna kasoro ya kurithi, mtoto wa pili anazaliwa na hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani.

Kosa la pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani kwa macho. Hata kama namba ingekuwa sahihi, ilikuwa inajibu swali ambalo halikuwa mbele ya juri. Ilisema vifo viwili vya asili ni nadra. Lakini mama kuwaua watoto wake wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine, nako ni nadra sana. Watoto walikuwa wameshafariki. Swali lilikuwa, kati ya maelezo mawili yaliyo nadra yote, lipi linabebwa na ushahidi wa vifo hivi hasa? Namba ile haikusema chochote juu ya hilo, ila aliyeisikia alidhani ameambiwa kwamba uwezekano wa mama huyu kuwa hana hatia ni 1 katika milioni 73. Juu ya hayo, shahidi alifananisha jambo hilo na kucheza kamari katika mbio za farasi za Grand National, ukichagua miaka minne mfululizo farasi asiyetarajiwa kushinda, wa 80 kwa 1, na kila mwaka akashinda. Mfano kama huo haumtoki mtu kichwani.

Je, jaji alinyamaza? Hakunyamaza. Aliwaambia wanajuri wawe waangalifu na takwimu, na kwamba katika mahakama zile hawatii watu hatiani kwa takwimu. Maneno mazuri. Lakini hakuwaonyesha kosa liko wapi. Mtu ambaye hajasomea hesabu, akiambiwa "kuwa mwangalifu na namba hii", ataupunguza uzito kidogo: badala ya milioni 73 aione kama milioni 10, na bado mshtakiwa amekwisha. Uamuzi ulikuwa 10 kwa 2. Rufani ya kwanza ikatupwa mwaka 2000. Oktoba 2001 chama cha kifalme cha wanatakwimu cha Uingereza kikatoa taarifa ya wazi kulalamikia matumizi yale ya takwimu. Januari 2003 hukumu ikabatilishwa, hasa kwa sababu majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria kwenye sampuli za mtoto wa pili hayakuwa yametolewa kwa upande wa utetezi. Mahakama iliongeza kwamba suala la takwimu lingekuwa, kwa uwezekano mkubwa, sababu tosha peke yake.

Ninachokichukua hapo ni hiki: tahadhari ya jumla haifanyi kazi. Kama ushahidi wa kitaalamu una kasoro inayojulikana, jaji aitaje kasoro yenyewe, kwa maneno ambayo dereva wa basi na mwalimu wa chekechea wataelewa sawasawa. Na kama kasoro ni kubwa kiasi kile, dawa si maelekezo kabisa. Ushahidi huo usiingie.

Sasa Angela Cannings. Alipoteza watoto watatu, mwaka 1989, 1991 na 1999, akatiwa hatiani Aprili 2002 kwa vifo viwili kati ya hivyo. Hakukuwa na jeraha. Hakukuwa na shahidi wa tukio. Kesi nzima ilisimama juu ya mabingwa waliotofautiana. Hukumu ilibatilishwa Desemba 2003, na sababu zikasomwa Januari 2004. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba pale kesi inapotegemea kabisa, au karibu kabisa, ubishi mzito kati ya wataalamu wanaoheshimika, na maelezo ya asili hayajaondolewa, mara nyingi haitakuwa busara kuendelea nayo. Ilisema pia kwamba kisichoelezeka leo huenda kesho kikaeleweka vizuri. Baada ya hapo Mwanasheria Mkuu wa Uingereza aliamuru kesi 297 za vifo vya watoto wadogo zipitiwe upya, na 28 zikaonekana kuleta wasiwasi.

Ile "kesho" ilikuja, ingawa ilijitokeza Australia. Kathleen Folbigg wa New South Wales alitiwa hatiani mwaka 2003 kwa vifo vya watoto wake wanne vilivyotokea kati ya 1989 na 1999. Miaka mingi baadaye wanasayansi wakakuta kwa mabinti wake wawili mbadiliko katika jeni iitwayo CALM2, ambao unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi mtoto afe ghafla. Wakati wale mabinti wanafariki hakuna daktari ambaye angeujua wala kuutafuta. Mama huyo alisamehewa Juni 2023 na hukumu zake zikafutwa Desemba mwaka huohuo, baada ya miaka 20 gerezani. Angalieni jambo moja katika kesi ile ambalo watu hulipita haraka. Kwa kuwa madaktari hawakuwa na jibu, shajara za mama ndizo zilizochukuliwa kuwa jibu. Sentensi za mwanamke anayejilaumu kwa kufiwa zikasomwa kama kukiri. Daktari asipokuwa na hakika, ushahidi mwingine uliokuwa wa kawaida unaanza kuvimba, na maelekezo ya jaji lazima yawe na neno juu ya huo uvimbe.

Lakini tusitoke hapa tukidhani kwamba wataalamu wakibishana tu, kesi imekufa. Hilo nalo ni kosa, na mawakili wa utetezi walilijaribu mara tu baada ya Cannings. Mwaka 2005, katika rufani ya Kai-Whitewind, mahakama iliwajibu kwamba haikuwahi kusema hivyo. Mle kulikuwa na matokeo ya uchunguzi wa maiti, damu ya zamani na damu mpya mapafuni mwa mtoto, ambayo juri iliweza kuyapima. Mwaka 2009, katika rufani ya Gian na Mohd-Yusoff, ikakumbushwa tena kwamba sayansi kushindwa kuufuta kabisa uwezekano fulani hakumzuii mtu mwenye akili timamu kuwa na hakika akitazama ushahidi wote pamoja. Daktari mwaminifu akiulizwa "unaweza kusema haiwezekani kabisa?", karibu kila mara atajibu hapana. Kama jibu hilo lingetosha, pasingekuwa na mtu wa kufungwa.

Mwaka huohuo wa 2005 zilisikilizwa pamoja rufani nne za watoto waliodaiwa kutikiswa. Ubishi ulihusu dalili tatu: ubongo kuathirika, damu kuvuja chini ya utando unaoufunika ubongo, na damu kwenye retina, yaani sehemu ya nyuma ya ndani ya jicho. Kwa miaka mingi, dalili hizo tatu zikikutwa pamoja, madaktari wengi walihitimisha kwamba mtoto ametikiswa. Mahakama ilisema dalili hizo ni kielelezo chenye nguvu, ila hazitoshi kuleta jibu moja kwa moja pasipo kutazama mambo mengine. Matokeo yenyewe yanafundisha: hukumu mbili zilifutwa, moja ikashushwa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia, na moja ikabaki. Dalili zilezile, matokeo tofauti, kwa sababu ushahidi uliozizunguka ulitofautiana.

Hukumu inayobeba sehemu kubwa ya maelekezo ya leo ni ya mwaka 2010, ya rufani tatu za Henderson, Butler na Oyediran. Wa kwanza na wa tatu walishindwa, Butler akashinda. Na hapa sitawaficha jambo. Ben Butler, ambaye hukumu yake ya kumjeruhi binti yake mchanga ilifutwa, alirudishiwa mtoto kupitia mahakama ya familia mwaka 2012. Oktoba 2013 binti huyo akauawa, na Juni 2016 Butler akatiwa hatiani kwa mauaji hayo. Wapo wanaotumia msiba huo kusema kwamba kanuni za 2010, nitakazozionyesha hivi punde, ni mbovu. Mimi sikubaliani nao. Hukumu ya jinai huamuliwa kwa ushahidi uliopo siku ile, na swali la nani amlee mtoto lina mahakama yake na kipimo chake, ambacho ni uwezekano uliozidi nusu tu. Lakini anayefundisha kanuni hizi bila kutaja jina la Butler hawatendei haki wanaomsikiliza.

Sasa tuingie jikoni kabisa. Tuchukue kesi ya kubuni. Mtoto wa miezi minne yuko na mlezi. Saa 3 asubuhi mama anamwacha akiwa mzima. Saa 5 gari la wagonjwa linaitwa, mtoto hapumui. Anafariki siku ya pili. Dalili tatu zipo. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna alama shingoni wala mbavuni. Mwanapatholojia wa mashtaka, yaani daktari aliyeichunguza maiti, anasema ametikiswa. Bingwa wa utetezi anasema huenda damu iliganda kwenye mshipa wa ubongo, na kama si hivyo, basi sababu haijulikani.

Maelekezo mabaya ni haya: "Mmewasikia wataalamu wa pande zote mbili. Ni juu yenu kuamua mnamwamini nani." Yana makosa mawili kwa sentensi mbili fupi. Yanageuza kesi kuwa mashindano ya wataalamu, na kimyakimya yanamtwisha mshtakiwa mzigo wa kushinda. Ningeyaandika hivi:

"Madaktari wanaruhusiwa kuwapa maoni kwa sababu wana ujuzi msio nao. Hamlazimiki kuyakubali maoni hayo, lakini msiyatupe bila sababu, na msitunge nadharia ya kidaktari ambayo hakuna shahidi aliyeisema. Maoni yao ni sehemu ya ushahidi. Yaangalieni pamoja na yale mliyosikia juu ya asubuhi ile, juu ya afya ya mtoto wiki zilizotangulia, na juu ya mshtakiwa.

"Pale wataalamu wanapotofautiana, mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba mtaalamu wake yuko sahihi. Msitegemee maoni ya mtaalamu wa mashtaka dhidi ya mshtakiwa mpaka muwe na hakika kwamba hoja anayoitetea ni sahihi.

"Mwanapatholojia amewaambia kwamba amezichunguza sababu zote anazozijua na kuziondoa, ikabaki kutikiswa. Kazi yenu haiishii hapo. Mmesikia kwamba kuna watoto wanaofariki na tiba isiweze kueleza kwa nini. Kama baada ya kupima ushahidi wote mnaona kuna uwezekano wa kweli kwamba mtoto huyu alifariki kwa sababu isiyojulikana, mashtaka hayajathibitishwa. Nasema uwezekano wa kweli, wenye mguu katika ushahidi, si wazo kwamba duniani lolote laweza kutokea."

Aya hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha hukumu ya 2010, na haiingizwi katika kila kesi. Mtoto akiwa na mbavu zilizovunjika kwa nyakati tofauti na alama za vidole, kuizungumzia sababu isiyojulikana ni kuwapotosha wanajuri. Jaji anaangalia kwanza kama ushahidi umeleta suala hilo.

Halafu jaji awape vipimo vya kuwapima wataalamu. Je, shahidi alibaki ndani ya fani yake, au mtaalamu wa macho alianza kuzungumzia mishipa ya ubongo? Je, bado anaona wagonjwa, au ujuzi wake umepitwa? Je, maoni yake yanategemea tafiti zilizopitiwa na wenzake? Je, aliyakabili yale yanayompinga, au aliyaruka? Je, ana msimamo mmoja anaoubeba kutoka kesi hadi kesi? Vyeo na ufasaha wa kusema havimo kwenye orodha hiyo, wala idadi. Mashtaka yakileta mabingwa watano na utetezi mmoja, juri isihesabu vichwa. Tangu mwaka 1968 imeamuliwa pia kwamba ni kosa jaji kuwaambia wanajuri waukubali ushahidi wa daktari isipokuwa wakiwa na sababu ya kuukataa.

Baada ya hapo kuna karatasi ya maswali, ambayo siku hizi jaji huwagawia wanajuri kwa maandishi. Kwa kesi yetu ingekuwa hivi:

1. Je, tuna hakika kwamba damu haikuganda kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto na kumletea dalili hizi? Kama hapana, hana hatia, msiendelee. Kama ndiyo, nendeni swali la 2.

2. Je, tuna hakika kwamba hakuna uwezekano wa kweli wa sababu isiyojulikana? Kama hapana, hana hatia. Kama ndiyo, nendeni swali la 3.

3. Je, tuna hakika kwamba mshtakiwa ndiye aliyemtikisa mtoto, kwa nguvu ambayo mtu yeyote mwenye busara angeitambua kuwa ya hatari? Kama hapana, hana hatia.

Maswali ya nia, yanayotenganisha mauaji ya kukusudia na yale yasiyo ya kukusudia, yanafuata. Mpangilio una maana yake. Ukianza na "je, mshtakiwa alimtikisa?", wanajuri wataanza kumtazama mshtakiwa, alivyolia au alivyokosa kulia, kabla hawajamaliza kumtazama mtoto. Rasimu ya karatasi hii huoneshwa mawakili wa pande zote kwanza, juri ikiwa nje, na hapo ndipo mapambano mengi ya kweli hufanyika. Majaji wengi huwapa wanajuri sehemu ya sheria kabla mawakili hawajatoa hotuba zao za mwisho, ili wanapozisikia wajue wanatafuta nini.

Nimesema maelekezo hayatungwi siku ya mwisho. Yanaanzia kwenye ripoti ya daktari. Kanuni za mwenendo wa jinai za kule, sehemu ya 19, zinamtaka mtaalamu aseme kama kuna maoni tofauti katika fani yake, ayaeleze kwa muhtasari, na atoe sababu za kuchagua lake. Kama maoni yake yana sharti, alitaje sharti hilo. Na wajibu wake ni kwa mahakama, haijalishi nani anamlipa. Kila ripoti inayoruka maoni tofauti italipa deni hilo mbele ya juri, kwa njia mbaya.

Madaktari mlio hapa, nawaomba sana juu ya maneno "inaendana na". Mnaandika "majeraha yanaendana na kutikiswa". Kwenu ninyi hiyo ni sentensi ya tahadhari: kutikiswa kunaweza kuwa sababu. Mwanajuri anasikia: kutikiswa ndiyo sababu. Majeraha hayohayo yanaweza pia kuendana na mambo mengine matatu ambayo hamkuyaandika. Andikeni sababu zote zinazoendana na mlichokiona, ipi mnaiona na uzito zaidi, na kwa nini. Na mkisema "kwa uwezekano mkubwa", semeni kama mnatumia kipimo cha hospitali, cha mahakama ya familia, au cha kesi ya jinai. Daktari anayeanza dawa akiwa na uhakika wa sehemu saba kwa kumi ametenda vizuri wodini. Kizimbani sehemu saba hazimfungi mtu.

Hatua inayofuata ni kuwakutanisha wataalamu. Jaji mmoja anayeishika kesi tangu mwanzo anaweza kuwaamuru wakutane, mwanapatholojia na mwenzake, bingwa wa macho na mwenzake, waandike wanachokubaliana na wasichokubaliana, na sababu. Isipokuwa taarifa hiyo, yaliyosemwa kwenye mkutano hayatajwi mahakamani bila ruhusa. Kazi hii ikifanyika miezi kabla ya kesi, mambo kumi na mawili ya ubishi hubaki mawili au matatu. Isipofanyika, jaji anajikuta akiwasomea wanajuri daftari lake, shahidi baada ya shahidi, siku mbili nzima, jambo ambalo hukumu ya 2010 ililipinga waziwazi. Majumuisho yapangwe kwa hoja: hoja ya macho, nani alisema nini na kwa sababu gani, kisha hoja ya ubongo. Afadhali zaidi mashahidi wenyewe waitwe kwa mpangilio huo, bingwa wa macho wa utetezi akimfuata wa mashtaka wakati maneno bado ni ya moto.

Kwetu Afrika Mashariki majaji wa mahakama kuu wamekuwa wakisaidiwa na washauri, ambao Tanzania tunawaita wazee wa baraza, na maoni yao hayamfungi jaji. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania Bara, tangu marekebisho ya 2022, kuwaita si lazima tena. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1954, katika shauri la Washington Odindo, kwamba maoni ya washauri yana thamani pale tu walipoelezwa sheria na kuoneshwa mambo muhimu ya ushahidi. Jaji anayekaa peke yake bado anajielekeza mwenyewe, na anajielekeza kwa maandishi. Hakuna kinachomzuia kuyaandika maswali yale matatu katika hukumu yake na kuyajibu moja moja. Fomu ya PF3 ya Tanzania na ile ya P3 ya Kenya, yaani fomu za polisi ambazo daktari huzijaza juu ya majeraha, mara nyingi huwa na mstari mmoja wa maoni ya daktari, na mstari huo ndio unaobeba kesi. Kwa Tanzania, mahakama inatakiwa kumweleza mshtakiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali. Mawakili, itumieni. "Inaendana na" ya kwenye fomu haiwezi kuhojiwa kama aliyeiandika hayupo.

Nimalizie na kinachotokea mlango wa chumba cha juri ukishafungwa, kwa sababu hapo ndipo maelekezo hupimwa. Wanajuri hawaruhusiwi kutafuta chochote wenyewe. Tangu 2015 mwanajuri anayeingia mtandaoni kusoma juu ya retina ametenda kosa la jinai linaloweza kumpeleka jela hadi miaka miwili, na ushahidi wa kidaktari ndio unaovuta watu kwenye simu kuliko ushahidi mwingine wowote. Jaji alitaje jambo hilo na neno retina ndani yake, asilizungukezungukie. Wanachoruhusiwa ni kumwandikia jaji. Kikaratasi kinachotarajiwa katika kesi za aina hii ni cha namna hii: "Je, lazima tukubaliane ni nini kilimuua mtoto?" Jaji anakisoma kwa mawakili, anasikiliza pande zote, kisha anawaita. Katika kesi yetu ya kubuni jibu ni kwamba ili kumtia hatiani lazima wawe na hakika kwamba mshtakiwa alimtikisa na kwamba kutikiswa huko ndiko kulikoua. Ili kumwachia hawahitaji kukubaliana juu ya sababu yoyote. Watano wanaweza kuamini ni damu iliyoganda, wanne wakaona ni sababu isiyojulikana, na watatu wasiwe na wazo lolote, na uamuzi wao bado ukawa halali. Jibu hilo lisomwe taratibu, lirudiwe mara moja, na wapewe nakala waingie nayo chumbani.